Kutembea kwenye mialoni ya trufu kati ya Grignan na Richerenches: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayetaka kutembea nusu siku bila haraka katika eneo la Tricastin, kusini mashariki mwa Ufaransa. Hapa vichaka vinavyonukia thaimu vinapakana na mistari ya mialoni ambayo chini yake huota trufu nyeusi, uyoga wa ardhini wenye bei kubwa. Jambo moja tunalisema mapema kwa sababu majibu mengi yanalitegemea: karibu kila mwaloni utakaoupita una mwenyewe. Kwa macho ya mgeni ni pori, kumbe ni shamba.

Eneo lenyewe liko wapi?

Liko mashariki ya mto Rhône, kati ya miji ya Montélimar na Orange. Grignan ni mji mdogo unaouzunguka mwamba wenye kasri juu yake. Richerenches iko kusini yake, umbali usiofika kilomita kumi. Grignan ni ya mkoa wa Drôme, lakini Richerenches ni ya Enclave des Papes, kipande cha mkoa wa Vaucluse kilichozungukwa na Drôme pande zote. Hali hiyo ilianza Papa Yohane wa 22 aliponunua mji wa Valréas mwaka 1317, na ardhi ikabaki mikononi mwa mapapa mpaka wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa mtembeaji, hiyo si historia tu. Kanuni za uwindaji na za kuzuia moto hutolewa na kila mkoa peke yake, na unaweza kuvuka mpaka wa mikoa hiyo ndani ya saa moja. Angalia matangazo ya mikoa yote miwili kabla ya kutoka.

Matembezi ni mepesi kiasi gani?

Mizunguko mingi ya hapa ina kilomita 7 hadi 10, na kupanda kote kukijumlishwa ni mita 100 hadi 200. Kwa hesabu ya kawaida, weka saa moja kwa kila kilomita 4 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 300 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 9 wenye mita 150 za kupanda utachukua saa mbili na dakika 45 za kutembea. Weka na mapumziko, utakuwa umemaliza kwa saa tatu na nusu.

Kinachochosha ni mawe, si kilima. Njia zina kokoto za chokaa zenye ncha, na mguu hauna mahali pa kutulia. Mtoto wa miaka saba aliyezoea kutembea atafika bila shida. Mtoto mchanga mbebe mgongoni, kwa maana kigari hakipiti. Mwenye magoti mabovu achukue fimbo mbili, zitamsaidia zaidi kwenye kushuka.

Garrigue ni nini? Msitu au nyika?

Si msitu wala si nyika. Ni vichaka vifupi vilivyoota juu ya mawe ya chokaa baada ya watu kuutumia msitu wa asili kwa karne nyingi. Walikata kuni, wakachoma makaa, wakachunga mbuzi na kondoo, udongo ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki. Ukitazama chini utakuta ushahidi. Mahali pa duara palipo tambarare, upana wa hatua kadhaa, penye udongo mweusi kuliko wa pembeni, palikuwa tanuri la makaa. Anayejua mkaa wa mwituni atapatambua mara moja.

Mimea ya kutafuta njiani:

Thaimu na rozmari utazijua kwa pua kabla ya macho. Sisto ina majani ya kijivu yenye manyoya laini, na maua ya waridi yaliyokunjamana kama karatasi iliyotoka mfukoni. Kila ua huishi siku moja tu. Mreteni wa huku ni jamaa wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na Usambara. Chukua jani lake moja lenye ncha, ligeuze upande wa juu: ukiona mistari miwili myeupe ni aina ya Mediterania, *Juniperus oxycedrus*, mstari mmoja ni ile ya kawaida ya Ulaya.

Mialoni iko ya aina tatu, na inafaa kuitofautisha. Mwaloni mweupe, *Quercus pubescens*, una majani yenye mapindo ya mviringo ukingoni, nayo hukauka yakabaki mtini majira yote ya baridi. Mwaloni wa kijani, *Quercus ilex*, haupukutishi majani, na chini ya kila jani kuna utando mweupe wa kijivu. Ule mfupi unaochoma suruali, *Quercus coccifera*, una jani gumu lenye miiba na linalong'aa pande zote mbili. Miwili ya kwanza ndiyo inayopandwa kwa ajili ya trufu.

Nitalijuaje shamba la trufu?

Kwa ishara tatu. Ya kwanza ni mistari: mti na mti, nafasi ya mita tano, sita au saba, mbali kuliko msitu wowote. Ya pili ni umbo. Miti hukatwa matawi ya chini ili jua lifike ardhini, hivyo mingi ni mifupi na yenye kichwa kipana. Ya tatu ndiyo yenye uhakika: duara la ardhi tupu kuzunguka shina, ambalo nyasi zake zimekauka au hazikuota kabisa, kana kwamba moto umepita. Wafaransa huliita *brûlé*.

Hakuna moto wala dawa iliyopita hapo. Kuvu ya *Tuber melanosporum* inaishi kwa kushikana na mizizi midogo ya mwaloni. Inaupa mti maji na madini, mti unailipa sukari. Nyuzi zake zikienea udongoni hutoa kemikali zinazodhoofisha mimea mingine na kuzuia mbegu kuota. Duara hilo linaweza kutokea miaka kadhaa kabla ya trufu ya kwanza. Na lipo ambalo halizai kamwe.

Kwa nini nisikanyage duara hilo, kama ni udongo mtupu tu?

Kwa sababu vitu viwili vipo chini yake. Trufu huota katika kina cha sentimita 5 hadi 30, na zilizo juu zaidi hupasua udongo kidogo zikikua. Mguu ukikanyaga ufa huo, trufu changa hupondwa au hukatika kutoka kwenye nyuzi zake, na trufu iliyokatika haiivi. Pili, kuvu hii inataka udongo wenye hewa. Udongo wa chokaa na mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa na unyevu hushikana, na hewa hairudi mpaka mwenye shamba aulegeze kwa mkono. Watu kumi wanaokatiza shambani Jumapili moja wanaharibu kazi ya msimu mzima. Pita njiani, hata kama njia inazunguka.

Je, nikiiona trufu imejitokeza yenyewe, naweza kuichukua?

Hapana. Nchini Ufaransa trufu ni mali ya mwenye ardhi, iwe imepandwa au imeota yenyewe. Sheria ya misitu inaitofautisha na uyoga mwingine: kuchukua trufu bila ruhusa, hata iwe moja, kunahesabiwa wizi, na adhabu ya wizi wa kawaida hufika kifungo cha miaka mitatu na faini ya euro 45,000. Wakulima wa hapa wameibiwa sana, wengine wameibiwa hata mbwa wao. Ukionekana umeinama chini ya mwaloni na kijiti mkononi, usitegemee kuulizwa kwa upole.

Mabango ya kuyajua ni haya: *Propriété privée*, mali ya mtu binafsi, *Défense d'entrer*, usiingie, *Truffière*, shamba la trufu. Kukosekana kwa bango hakumaanishi ruhusa.

Mialoni hii ilipandwa na nani?

Mwanzoni mwa karne ya 19 mkulima Joseph Talon, wa Saint-Saturnin-lès-Apt katika Vaucluse, alipanda mbegu za mialoni iliyokuwa ikizaa trufu, na miche yake nayo ikazaa. Auguste Rousseau wa Carpentras akaifanya njia hiyo kwa upana kuanzia 1847, na akaonyesha trufu zake katika Maonyesho ya Paris ya 1855. Kisha ikaja filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne hiyo. Wakulima waliopoteza mizabibu wakapanda mialoni mahali pake. Mwishoni mwa karne mavuno ya nchi yalikuwa mamia ya tani kwa mwaka.

Leo ni makumi ya tani. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa watu waliojua kazi, vijiji vikapungukiwa watu, kondoo wakapungua, na vichaka vikafunga. Trufu nyeusi haipendi kivuli kizito. Mwaloni ukizungukwa na msitu huishi vizuri sana, ila trufu zinatoweka. Ndiyo maana tunasema eneo hili ni kazi ya mikono ya watu: ukiliacha lijirudie, msitu utashinda na trufu zitakwisha. Mashamba mengi ya sasa yamepandwa miche ambayo mizizi yake iliambukizwa kuvu kwenye kitalu, njia iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970 baada ya utafiti wa Wafaransa na Waitalia. Hata hivyo mkulima husubiri miaka mitano hadi kumi kuona trufu ya kwanza.

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unakuja kwa ajili ya nini.

Kwa maua na harufu, njoo kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Juni. Kwa trufu nyeusi, njoo Januari. Msimu wa kisheria na wa soko huanza katikati ya Novemba, lakini trufu za Novemba mara nyingi hazijaiva: ndani ni kahawia na harufu ni hafifu. Baridi ya Desemba ndiyo inayozikomaza. Kuanzia katikati ya Machi zimekwisha.

Julai na Agosti hatuzipendekezi. Joto hupita nyuzi 35, kivuli hakipo, na njia zinaweza kufungwa kwa hofu ya moto. Zipo trufu za kiangazi, *Tuber aestivum*, kuanzia Mei hadi Septemba, lakini ladha yake ni ndogo na bei yake pia.

Katika siku fupi za Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama karibu saa 11 jioni. Anza kutembea saa 4 asubuhi, si saa 8 mchana.

Nivae nini na nibebe nini?

Suruali ndefu ya kitambaa kigumu, hata wakati wa joto. Buti zenye soli ngumu inayoshika. Raba za mjini zinakatwa na mawe. Baada ya mvua udongo wa mfinyanzi hunata kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa mzito, hivyo soli zenye mifereji mipana ni bora kwa kuwa hujisafisha. Maji lita moja na nusu kwa mtu kuanzia Oktoba hadi Aprili, lita mbili na nusu kukiwa na joto. Usitegemee chemchemi, maji ya mvua hapa huzama haraka kwenye chokaa. Kofia, koti la kuzuia upepo, chakula kidogo, filimbi, na simu yenye chaji.

Ramani ya karatasi inayofaa ni ile ya buluu ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000: sentimita moja ni mita 250 za ardhini. Pakua na ramani ya simu kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hukatika.

Alama za njia zinasomwaje?

Mistari ya rangi imepakwa kwenye miti, mawe na nguzo. Njano peke yake ni njia fupi ya mzunguko. Nyekundu na njano ni njia ya siku kadhaa ndani ya eneo. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu ya kitaifa, GR. Mstari ulionyooka: endelea. Mstari wenye mkono uliopinda: kata kona upande huo. Alama ya X: njia si hiyo, rudi. Umetembea dakika kumi bila kuona alama yoyote? Rudi mpaka uione ya mwisho. Watu wengi hupotea kwa sababu walifuata njia pana na nzuri iliyokuwa inaingia kwenye shamba la mtu, huku njia yao nyembamba imejificha kichakani.

Nimesikia milio ya bunduki. Ni hatari?

Ni wawindaji, na inabidi uwachukulie kwa uzito. Msimu wao mkuu ni Septemba hadi mwisho wa Februari, yaani unaangukia juu ya msimu wa trufu. Wanyama wanaotafutwa zaidi ni nguruwe mwitu, wale wale wanaobomoa mashamba ya trufu kwa pua zao, ndiyo maana mashamba mengi yana uzio wa umeme. Usiuguse.

Siku ya uwindaji wa kundi utaona bango la *Chasse en cours* njiani na watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Vaa na wewe kizibao cha rangi hiyo, ongea kwa sauti, baki njiani. Ukimwona mwindaji, msalimie na *bonjour*, mwambie unaelekea wapi, naye atakuambia kama upite au usubiri. Usijifiche na usikatize kichakani.

Na moto?

Hili ndilo kosa lisilosameheka huku. Thaimu, rozmari na mreteni zina mafuta ndani yake. Hushika moto hata zikiwa mbichi. Ni marufuku kuwasha moto wa aina yoyote msituni, kichakani na ndani ya mita 200 kutoka hapo. Sigara pia. Kiangazi, ofisi ya mkoa, *préfecture*, hutangaza kila jioni maeneo yatakayofungwa kesho yake. Usiegeshe gari juu ya nyasi kavu, kwa maana bomba la moshi lenye joto linatosha kuziwasha. Ukiona moshi, piga 18 au 112, kisha ondoka kwa kuelekea mahali penye mawe matupu, shamba la mizabibu au barabara, ubavuni mwa upepo, kamwe si kupanda mlima mbele ya moto.

Upepo wa mistral ni nini?

Ni upepo mkavu wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône. Anga huwa buluu safi, na mgeni hudhani siku ni njema. Unaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na ukiwa na nyuzi 5 unaumiza masikio. Siku hiyo chagua mzunguko wa bondeni na uepuke miti mikavu.

Mvua za vuli zina hatari nyingine. Kati ya Septemba na Novemba huja dhoruba zinazomwaga mvua ya wiki nyingi kwa saa chache. Mkondo mkavu hujaa ghafla. Kama idara ya hali ya hewa, Météo-France, imetangaza tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, usitoke.

Kuna nyoka, nge, wadudu?

Wapo, ila kinachostahili hofu yako zaidi ni kupe. Wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukirudi jikague nyuma ya magoti, kinena, kwapa na nyuma ya masikio. Mng'oe kwa kibanio maalum cha kupe, karibu na ngozi, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Mduara mwekundu unaopanuka siku au wiki baadaye ni sababu ya kumwona daktari.

Kipiri wa huku huuma mtu mara chache, naye hukimbia akisikia mtikisiko wa miguu. Usiweke mkono chini ya jiwe au kwenye ukuta wa mawe bila kutazama. Kuanzia Januari hadi Aprili tazama viwavi wanaoandamana kwa mstari mrefu chini ya misonobari. Nywele zao huwasha ngozi na macho vibaya sana. Usiwaguse hata kwa kijiti.

Naweza kuja na mbwa?

Ndiyo, kwa kamba. Kati ya Aprili 15 na Juni 30 kamba ni lazima kisheria kila utokapo kwenye njia ya msituni, kwa ajili ya ndege na wanyama wanaolea. Kwenye mashamba ya trufu tunaisisitiza mwaka mzima: mbwa wako akichimba, mkulima hatajali kwamba hakufundishwa. Na mbwa akilamba viwavi tuliowataja, ulimi wake unaweza kufa sehemu ndani ya siku chache. Suuza kwa maji mengi bila kusugua na umpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Nawezaje kuona trufu zikichimbwa?

Kwa kumlipa mkulima anayepokea wageni. Ofisi za utalii za Grignan na Valréas zina orodha zao za majira ya baridi. Kazi huenda hivi: mbwa hupita chini ya mti, hukwaruza mara moja au mbili, mkulima humzuia na kumpa kipande kidogo cha chakula. Kisha hupiga magoti, huchukua udongo kiganjani, huunusa, na kuchimba pole pole kwa chombo kifupi chenye ncha mpaka aione. Akinusa na kukuta haijaiva, huifukia. Shimo hujazwa udongo uleule; lisipojazwa, nyuzi hukauka.

Nguruwe jike aliwahi kuwa mfanyakazi mkuu, lakini hula anachokipata na ni mzito kupakia garini. Njia ya tatu ni nzi. Nzi mwembamba wa kahawia, jamii ya *Suillia*, hutaga juu ya trufu iliyoiva. Mtafutaji hutembea akilielekea jua, hupapasa ardhi mbele yake kwa kijiti, na nzi akiruka kutoka sehemu moja mara mbili, hapo ndipo pa kuchimba. Inahitaji siku ya utulivu yenye jua, na uvumilivu usio wa kila mtu.

Soko la Richerenches linaendaje?

Ni kila Jumamosi asubuhi, katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Yapo masoko mawili kwa wakati mmoja. La jumla ni la wakulima na madalali: mifuko ya nguo, mizani, nyuma ya gari iliyofunguliwa, bei za kunong'ona, malipo taslimu. Tazama, usiguse, usipige picha za nyuso bila kuomba. La rejareja lina meza, na hapo ndipo pako. Fika kabla ya saa 4 asubuhi, maana saa 6 mchana vitu vizuri vimekwisha.

Jumapili ya tatu ya Januari kuna Misa ya trufu, inayofanyika tangu 1952. Waumini hutia trufu kwenye kikapu cha sadaka badala ya fedha, kisha hupigwa mnada nje. Kijiji hujaa mpaka barabarani, kwa hiyo egesha mbali.

Nitachaguaje trufu nisidanganywe?

Ishike: iwe ngumu, isibonyee. Inuse: harufu iwe nzito, si ya amonia wala ya ukungu. Iwe imepigwa brashi, kwa sababu udongo nao hupimwa kwa bei ya trufu. Omba ikwanguliwe kidogo kwa kisu. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Ndani pawe peusi penye mishipa myeupe myembamba na mingi. Mishipa michache na minene, na ganda linalobanduka kwa kucha, ni *Tuber brumale*, ya bei ya chini. Ndani pa rangi ya maziwa na kahawa, na vipele vikubwa vya pembe juu, ni ya kiangazi. Umbo la duara kamili halina faida yoyote kwako zaidi ya kuongeza bei.

Gramu 10 kwa mtu zinatosha. Mlo wa watu wanne unahitaji trufu moja ya ukubwa wa yai dogo.

Nitaitunzaje na kuipika?

Ifunge kwenye karatasi ya jikoni, iweke ndani ya chupa yenye mfuniko kwenye friji, na badilisha karatasi kila siku. Haizidi wiki moja. Kila siku inapoteza uzito na harufu, kwa hiyo usinunue Jumamosi ya kula Jumamosi ijayo. Weka mayai mazima ndani ya chombo hicho kwa siku mbili. Ganda lina vitundu, harufu itaingia.

Kimanda cha watu wawili: mayai 5, trufu gramu 20, siagi. Kwangua nusu ya trufu ndani ya mayai yaliyopigwa, acha dakika 30. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, mimina, koroga mpaka yaanze kushika lakini bado ni laini, epua, kisha panga vipande vyembamba vya nusu iliyobaki juu na chumvi kidogo. Kosa la kawaida ni moto mkali: harufu ya trufu huruka kwa joto, na mafuta ndiyo huishika. Usitie kitunguu saumu kingi wala pilipili.

Ile chupa ya mafuta ya trufu inayouzwa madukani? Nyingi hutiwa harufu ya maabara. Soma maandishi: *arôme* maana yake si trufu yenyewe.

Ni sawa na faga ya Oman?

Ni ndugu wa mbali. Faga, au kamaa, ni jamii za *Terfezia* na *Tirmania*, zinaota jangwani baada ya mvua, zikishikana na mizizi ya vimea vidogo vya *Helianthemum* badala ya mwaloni. Ladha yake ni ya upole, hupikwa kwa wingi pamoja na wali au nyama. Trufu nyeusi hutumika kama kiungo. Ukizoea faga, usipime kwa kilo.

Je, naweza kuipanda Njombe au Limuru?

Hatukushauri kuweka fedha zako hapo. *Melanosporum* inahitaji udongo wenye chokaa, pH 7.5 hadi 8.5, na majira ya baridi yaliyo dhahiri yanayofuata kiangazi. Udongo wa nyanda za chai una asidi nyingi, na karibu na ikweta mwaka haubadiliki kiasi hicho. Afrika Kusini wanavuna, lakini wao wana majira ya baridi ya kweli.

Mimi ni Mwislamu. Kuna la kuangalia?

Trufu yenyewe ni kuvu, haina shida. Tatizo ni vinavyoambatana nayo: soseji zenye trufu kwa kawaida ni za nguruwe, na supu nyingine hutiwa divai. Sema *sans porc et sans alcool, s'il vous plaît*. Kimanda, jibini na viazi ndivyo salama zaidi.

Visa na usafiri?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Omba mapema kuliko siku 15 kabla ya safari, lakini si zaidi ya miezi sita.

Treni inakufikisha Montélimar. Mabasi kutoka hapo kwenda Grignan ni machache, hasa Jumapili, kwa hiyo angalia basi la kurudi kabla ya kupanda la kwenda. Wawili au watatu, gari la kukodi ni nafuu.

Nikiumia njiani nipige namba gani?

112 popote, 15 kwa daktari wa dharura, 114 kwa ujumbe mfupi kama huwezi kusikia au kusema. Taja kwanza jina la kijiji kilicho karibu, kisha namba za mahali ulipo kutoka kwenye simu, kisha jeraha. Usikate simu mpaka uambiwe.